Kitenge cha Nakundwa

Hapo zamani, na wala si ile zamani ya majitu na wafalme, bali zamani hii ya karibu, ambayo mabati yake bado hayajashika kutu, palikuwa na shule ya msingi juu katika milima ya Upare, kijiji kiitwacho Mlambani. Mashamba ya tangawizi yaliizunguka shule pande zote. Asubuhi ukipita njiani ungeisikia kabla hujaiona, maana watoto wa pale walifundishwa kwa kuitikia. Mwalimu anasema, darasa linaitikia. Mwalimu anagusa ubao kwa fimbo, darasa linaimba. Darasa lililoitikia kwa nguvu ndilo lililohesabiwa kuwa limeelewa.

Katika darasa la kwanza aliingia mtoto aitwaye Nakundwa, binti wa Mbazi na mkewe Namsifu, wakulima wa tangawizi. Alipokuwa mdogo, kabla hajajua kusema, Nakundwa aliugua homa kali. Alipona, lakini tangu apone alikuwa mkimya. Wazazi wake walidhani ni udhaifu wa ugonjwa. Ukimtazama, anakutazama. Ukimwonyesha kuni, analeta kuni. Wakasema, atachangamka akiwa na wenzake.

Na kweli shuleni alichangamka. Darasa likiitikia, kinywa cha Nakundwa kilifunguka na kufungika pamoja na vinywa vingine vyote. Ila aliposimamishwa peke yake, hakujibu. Mwalimu wake aliitwa Tusekile, binti wa Tukuyu aliyepangiwa kazi huku mbali na kwao. Mwanzoni alimwuliza kwa upole. Baadaye akamwuliza kwa ukali. Mwisho akamwita mkaidi, akampigisha magoti mbele ya darasa, akisema kwamba mtoto anayejua akiwa na wenzake na asiyejua akiwa peke yake ni mtoto anayemchezea mwalimu. Nakundwa akapiga magoti huku akimtazama usoni.

Ikaja masika. Siku moja mvua ilianguka juu ya bati mpaka sauti ya mwalimu ikafa kinywani mwake. Watoto hawakumsikia tena, wakaacha kuitikia, wakaziba masikio na kucheka. Fimbo ya mwalimu ilikuwa bado iko ubaoni. Naye mtoto mmoja tu, pale dirishani, aliendelea. Macho kwenye fimbo, kinywa kinafunguka na kufungika, kinafunguka na kufungika, kama vile hakuna mvua.

Mwalimu Tusekile akashusha fimbo. Kinywa kikasimama. Akainua fimbo. Kinywa kikaanza.

Mvua ilipopungua akaenda nyuma ya Nakundwa, akaita jina lake. Akaita tena. Akapiga makofi karibu na kisogo chake. Watoto wote waligeuka isipokuwa yeye. Mwalimu akakaa chini, palepale sakafuni, na darasa la kwanza likashangaa kumwona mwalimu amekaa chini.

Alasiri ile alikwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Mndeme, akamweleza. Mwalimu Mndeme hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu. Akawaita wazazi, akawapa viti, akawaambia polepole kwamba mtoto wao hasikii, kwamba watoto wa namna hiyo wana shule yao mjini, huko chini tambarare, na kwamba hapa Mlambani hakuna wa kumfundisha. Akawaambia wamrudishe nyumbani wangoje nafasi ya mjini, na kiti chake atapewa mwingine, kwa kuwa darasa limejaa.

Njiani Mbazi alisema labda mwalimu mkuu ana haki, ni heri mtoto apelekwe kwa wanaojua. Namsifu akatembea mbele yake mpaka mlangoni. Hapo akamwuliza mumewe, mtoto asiye na hata neno moja la kusema tumbo linaniuma, wampeleke aishi na wageni, alie kwa nani? Tena nafasi yenyewe haipo, ni ya kungojwa. Angoje wapi, jikoni?

Kesho yake kamati ya shule ilipokutana, Namsifu aliingia bila kuitwa. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mwenyekiti akamwambia, mama, kikao hiki ni cha wajumbe. Namsifu akasema hatakaa, atasema amesimama.

Sasa lazima mjue jambo moja. Shule ile haikujengwa na mkandarasi. Ilijengwa kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya Wapare. Mtu wa zamu anapuliza baragumu, na kila nyumba inatoa mtu. Mawe ya shule yalitoka mtoni, yakapandishwa mlimani kichwani kwa wanawake na mabegani kwa wanaume. Nyumba ambayo haikutoa mtu ilitozwa faini, na hakuna aliyesamehewa.

Namsifu akaweka kiganja chake ukutani.

"Mawe haya niliyabeba mimi. Niliyabeba nikiwa na mimba ya Nakundwa. Nilipomwambia msimamizi kwamba mgongo unaniuma, aliniambia beba, mama, ni shule ya mwanao. Wewe ndiye uliyekuwa msimamizi, mwenyekiti. Siku ile hukuniuliza kama mwanangu atasikia. Leo mnaniambia si shule yake. Basi nionyesheni mawe yangu ni yapi, niyatoe niende nayo."

Wajumbe walitazamana. Mmoja akaanza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Mwalimu mkuu naye alitazama ukuta muda mrefu, kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

Kamati ikakubali mtoto abaki. Lakini Mwalimu Mndeme akauliza swali lake, na lilikuwa swali la haki: abaki, lakini nani ataongea naye? Wakapatana hivi. Kiti ni cha Nakundwa mpaka shule ifunguliwe mwakani. Ikifunguliwa na hakuna mtu Mlambani awezaye kumfundisha kwa lugha anayoielewa, ataondoka, na mama hatarudi tena na habari za mawe.

Namsifu alirudi nyumbani, akamwambia mumewe kwamba amepata kiti.

Mbazi akasema, "Umepata kiti. Mimi nitaleta maneno."

Alikuwa mtu wa haya, mtu ambaye hata kwenye harusi ya nduguye alikaa nyuma ya sufuria. Alifunga nguo zake, akamwachia mkewe shamba likiwa na tangawizi changa, akateremka tambarare mpaka kwenye ile shule ya watoto viziwi. Hakuomba nafasi ya mtoto. Aliomba kazi ya kupasua kuni jikoni. Na kila mara watoto walipokuja na sahani zao, yeye aliacha shoka akawatazama mikono.

Watoto wale walimcheka sana. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimepinda, vina vifundo vya jembe. Akitaka kusema maji, inatoka samaki. Akitaka kusema njoo, inatoka toka. Wakampa jina la mikono, kama ilivyo desturi yao, na jina lenyewe lilikuwa Tangawizi, kwa sababu ya vidole hivyo. Mbazi alipoelewa jina lake maana yake nini, naye alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku ile wakamfundisha kama ndugu yao.

Huku nyuma, kijiji kilisema Mbazi amemkimbia mtoto. Dada yake mwenyewe, shangazi Niendiwe, mwanamke asiyejua kunong'ona, alimwambia Namsifu kisimani kwamba wanaume wa ukoo wao hawajawahi kupotea, huyu ndiye wa kwanza, na pengine kuna sababu jikoni kwake. Namsifu alijaza ndoo yake akaondoka. Alilima peke yake alfajiri. Kisha akaenda shuleni, akakaa kwenye dawati la darasa la kwanza kando ya Nakundwa, magoti yamefika kidevuni, maana alijua kwamba Nakundwa akikosa kuja siku mbili tatu, kile kiti kitaonekana kitupu. Watoto walimwita mwanafunzi mpya. Wakati wa kuitikia naye aliitikia. Herufi ambazo hakuzipata utotoni akazipata pale, akimwandikia binti yake mchangani kile alichokisikia.

Mbazi alirudi mvua za vuli zikiisha. Nakundwa alimkimbilia, na baba yake, badala ya kumwinua, alipiga magoti, akanyoosha vile vidole vyake na kumwonyesha neno la kwanza. Baba. Akarudia. Mtoto akamtazama. Akaitazama mikono yake mwenyewe. Akairudisha ishara ile vizuri kuliko yeye. Siku hiyo hawakula mpaka jioni, maana Nakundwa alizunguka nyumba nzima akigusa vitu. Hiki? Na hiki? Na yule? Kila kitu kilikuwa na jina, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Shule ikafunguliwa. Mwalimu Mndeme akasema amefurahi, lakini sheria hairuhusu mpasua kuni kusimama mbele ya darasa. Alisema kweli. Hapo ndipo Mwalimu Tusekile aliposema kwamba atajifunza yeye.

Kila alasiri alikaa barazani kwa Mbazi, mwalimu akiwa mwanafunzi, Nakundwa akiwa msahihishaji, na msahihishaji alikuwa mkali. Mwalimu akikosea, mtoto anamtingishia kidole. Kisha Mwalimu Tusekile akafanya jambo ambalo Mlambani halijawahi kufanywa. Aliacha kufundisha kwa kuitikia. Aliwafundisha watoto wote wa darasa lake kujibu kwa mikono, ili Nakundwa asiwe na mwalimu tu, awe na wenzake. Wakatukanana kwa mikono, wakachongeana kwa mikono, wakanong'onezana habari za wakubwa mbele ya wakubwa wenyewe. Na aliyekuwa akichongewa zaidi, kwa utundu wake, alikuwa Nakundwa.

Mkaguzi wa elimu alipopita, akakuta shule nzima inapiga kelele na darasa moja liko kimya. Akamwuliza mwalimu mkuu kama watoto wale wameadhibiwa.

Mwalimu Mndeme akasema, "Hapana, mheshimiwa. Wanajibu."

Basi Nakundwa akapanda darasa, na Mwalimu Tusekile akapanda nalo. Katikati ya safari hiyo ulifika uhamisho wake wa kwenda Tukuyu, uhamisho aliouomba mwenyewe siku nyingi, kwa kuwa mama yake alikuwa amezeeka na hakuwa na mtu. Aliusoma, akakaa nao, akamjibu afisa wa elimu kwamba nafasi ile apewe mwingine. Akaomba abaki mpaka darasa lile limalize. Mama yake alifariki kabla halijamaliza. Mwalimu alikwenda kuzika, akarudi, akaingia darasani.

Nakundwa akafanya mtihani wa kumaliza shule kama wenzake, kwenye dawati kama la wenzake. Matokeo yakaja, na jina lake lilikuwa miongoni mwa waliofaulu kwenda sekondari. Siku ile shangazi Niendiwe alizunguka kijiji kizima akitangaza kwamba kichwa kile ni cha ukoo wao.

Sasa tufike kwenye mahafali.

Shule ya Mlambani ilikuwa na desturi yake. Zamani, siku ya mahafali, wenye uwezo waliwavika watoto wao kitenge juu ya kitenge mpaka mtoto haonekani, na watoto wengine walikaa pembeni na sare zao zilizopauka. Kamati ikakataza. Ikaamuliwa kwamba mtoto hatavikwa, bali atavika. Kila mhitimu atapewa na shule kitenge kimoja, kilichotokana na tangawizi ambayo watoto wenyewe wameilima, naye atashuka jukwaani na kumvika mtu mmoja, yule aliyemfikisha pale. Kitenge kimoja, mtu mmoja. Mtu aliyevikwa hukivaa kanisani, msikitini na misibani, na watu humwamkia kwa jina la mtoto yule mpaka anazeeka.

Nakundwa alipoitwa, watu hawakupiga makofi. Waliinua mikono juu na kuipepesa, uwanja mzima, kama miti upepo ukiingia, maana watoto wa darasa lake walikuwa wamewafundisha wazazi wao. Mwalimu mkuu akampa kitenge kilichokunjwa. Nakundwa akashika ngazi, akashuka, akasimama.

Mbele yake walikaa watu watatu. Mama yake. Baba yake. Mwalimu wake. Akasimama muda mrefu mpaka watu wakaanza kuguna, na mwenyekiti akasema, tusimtwike mtoto mzigo huu bure, hawa watu wazima waseme wenyewe. Akidhani, maskini, kwamba kila mmoja kwa adabu atamwachia mwenzake.

Namsifu akasimama.

"Watu husema mama hadai. Mimi nadai. Ile siku mlikuwa mnataka kumpa mwingine kiti chake, mimi nikakirudisha, nikakikalia mpaka magoti yakaniuma. Bila kiti hakuna darasa, na bila darasa hakuna leo. Nakitaka kitenge hicho, na sitawadanganya kwamba sikitaki."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mbazi naye akasimama, yule mtu wa nyuma ya sufuria, na mikono yake ikawa inasema pamoja na kinywa, kwa kuwa alikuwa ameapa kutosema tena habari za mwanawe kwa namna ambayo mwanawe haioni.

"Mama Nakundwa, kiti ulikilinda, nami nakushukuru. Lakini mtoto asiye na neno hata moja, ukimweka kwenye kiti, umemweka tu. Mimi nilikwenda kumtafutia maneno. Niliitwa mtoro na dada yangu mwenyewe. Jina la mama alilijua kwa mkono wangu. Jina lake mwenyewe alilijua kwa mkono wangu."

"Na ungeyaleta kwa nani maneno hayo," Namsifu akamjibu, "kama ungemkuta amekaa jikoni? Tena ni nani aliyesema njiani kwamba apelekwe mbali?"

Watu wakacheka, na Mbazi akainamisha kichwa, akakubali kwamba ni yeye. Ndipo Mwalimu Tusekile akainuka. Alisema yeye si mzaliwa wa pale wala si wa ukoo, na angeweza kunyamaza.

"Lakini nimewafundisha watoto hawa kusema kweli. Aliye na kiti na maneno, lakini asiyejibiwa na mtu, yuko peke yake kati ya watu. Mimi nilimpa wa kumjibu. Niligundua hasikii, nikaacha ualimu nilioujua, nikajifunza mwingine. Kule kwetu nimeacha nyumba iliyofungwa."

"Ulimpigisha magoti, mwalimu," shangazi Niendiwe akasema kutoka nyuma.

"Nilimpigisha," mwalimu akasema. "Naye anajua, maana nilimwomba radhi siku nilipopata maneno ya kumwomba."

Shangazi hakutosheka. Akamgeukia Namsifu, akamkumbusha kwamba yeye naye alilala nyumba moja na mtoto asijue kwamba hasikii. Akamgeukia kaka yake, akamwambia aliacha mke na mtoto mchanga na shamba. Akasema kwa hesabu zake anayebaki bila doa ni shangazi. Uwanja ukaangua kicheko.

Katikati ya kicheko hicho mwalimu mkuu akasogea mbele, akasema kwa utani kwamba hata yeye ana dai. Kama angemkubali mtoto siku ya kwanza kwa maneno matamu, mama angekaa nyumbani, baba angelima, mwalimu angeendelea kuimba na fimbo yake, na Nakundwa angefungua na kufumba kinywa mpaka darasa la saba. Ni yeye aliyewafungia mlango, wakajua nguvu za kuufungua. Watu wakacheka zaidi. Nanyi mnacheka. Lakini msicheke upesi, lifikirieni hilo nalo, ingawa mimi kitenge nisingempa.

Muda wote huo wenzake Nakundwa walikuwa wakimtafsiria kila neno, mpaka utani. Alikuwa ameona yote.

Mjumbe mmoja mpole, fundi cherehani, akasimama na mkasi wake. Akasema jambo hili ni rahisi, kitenge kikatwe vipande vitatu sawa, kila mtu apate, mtoto akapumzike. Watu wakaguna kukubali. Fundi akanyoosha mkono.

Nakundwa akakirudisha kitenge kifuani. Akamkabidhi rafiki yake akishike kidogo ili mikono yake iwe huru, akawageukia watu, akasema polepole, ili hata wale wasiojua lugha ya mikono vizuri wamwelewe. Na Mwalimu Tusekile ndiye aliyemtolea sauti:

"Hakuna aliyenipa kipande. Mama hakunipa nusu ya kiti. Baba hakunipa nusu ya maneno. Mwalimu hakunipa nusu ya darasa. Mimi sitampa mtu kipande."

Fundi akarudisha mkasi mfukoni. Namsifu alikuwa akilia huku ameinua kichwa. Mbazi alikuwa akiisema sentensi ile upya kwa vidole vyake, polepole, kama mtu anayeionja. Mwalimu Tusekile alisimama wima, sauti yake bado imebaki hewani na maneno si yake.

Nakundwa akakichukua kitenge kutoka kwa rafiki yake. Akakikunjua, kizima. Akaanza kutembea kuelekea pale walipo wale watatu, na hakukuwa na mashaka katika miguu yake.

Mimi ninajua alisimama mbele ya nani. Lakini nyinyi mmewasikia wote kama alivyowaona yeye. Mmemsikia aliyekilinda kiti, na aliyeleta maneno, na aliyelifanya darasa zima limjibu. Kitenge ni kimoja, na mwenyewe amekataa kisikatwe.

Basi semeni nyinyi, na kila mmoja aseme na sababu yake: kitenge kile kilikuwa cha mabega ya nani?